Dumu la Watu Wawili

Pale kliniki ya wajawazito hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa wauguzi alikuwa Dokta tu, na kwa kina mama wa kwenye benchi, akishageuza mgongo, alikuwa Bi Dumu. Mwenyewe alilijua jina hilo na wala hakulichukia. Mtu aliyegawa madumu ya plastiki kwa miaka sita, akiwaomba wanawake wazima wakojoe humo kutwa kucha kisha wamletee, alitarajia aitwe nani? Malkia?

Alikuwa na miaka hamsini na sita, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umeisha. Ulikuwa umemkalia mwilini kama mpangaji asiyetaka kuhama. Alichoka akiamka, alichoka akinywa chai. Mumewe, mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye sasa ndiye alikuwa mpishi wa nyumba, alizoea kumpokea mlangoni na kumwambia, "Karibu, mke wangu. Naona mwili umeshafika. Mwenyewe anakuja saa ngapi?" Naye alicheka kila mara, kwanza kwa kuwa mzaha ulikuwa mzuri, pili kwa kuwa asipocheka angetakiwa kujieleza.

Kazi yake, ukiivua lugha ya makaratasi, ilikuwa swali moja. Mwanamke mwenye kisukari akishika mimba, figo zake hubebeshwa mzigo wa ziada. Wengine huubeba, wakajifungua, wakarudi kwao salama salimini. Wengine figo huchoka katikati ya safari. Presha ikapanda, miguu ikavimba, na hapo daktari hajui amwokoe nani, mama au mtoto. Yeye alitaka kujua mapema nani ataangukia fungu lipi. Zamani, alipokuwa bado mgeni kazini, alipoteza wagonjwa watatu wa namna hiyo ndani ya mwezi mmoja. Kilichomkaa rohoni si vifo vyenyewe, maana hospitali haikosi vifo. Ni lile benchi la nje. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamekaa wakisubiri kupimwa, wanacheka, wanawasema waume zao, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha wa nne ni yupi.

Njia ya kujua ilipitia kwenye dumu. Unaamka asubuhi, mkojo wa kwanza unaumwaga. Kuanzia hapo kila tone linaingia dumuni, mpaka ule wa kwanza wa asubuhi ya pili, nao unautia. Ukikosa hata mara moja, hesabu imekufa. Ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Mwanamke ana soko, ana msiba, ana mkwe sebuleni. Atatembea na dumu kwapani? Mwaka wa kwanza madumu yalikuja nusu, yamefungwa mifuko mitatu mitatu kwa haya, na hesabu zikawa takataka.

Ndipo Daktari alipobuni makofi. Alibandika ukutani karatasi kubwa yenye namba za washiriki, na kila aliyeleta dumu lililotimia alibandikiwa nyota mbele ya wenzake, benchi zima likampigia makofi. Nyota tatu, taulo la mtoto. Muuguzi wa utafiti, mwanamke mwenye sauti ya kengele na kalamu tatu kwenye nywele, ambaye wote walimwita Sista Kalamu, aliupenda mchezo huo kuliko mshahara wake. "Leo nani katuletea lililojaa?" alikuwa akinadi. "Na nani katuangusha?" Mwaka wa pili madumu yakaanza kujaa. Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Hawakuwahi kuendesha utafiti.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku ya kliniki, na Ijumaa ya wiki hiyohiyo ripoti ya mwisho ilitakiwa iende kwa wafadhili. Daktari alikuwa ofisini kwake, chumba kilichowahi kuwa stoo ya mashuka, chenye dirisha lililokataa kufunga na friji ya sampuli iliyokuwa ikikoroma pembeni. Matokeo yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri mno, na mtu aliyechoka hana haraka ya kulitilia shaka zuri. Alikuwa akipitia fomu za mwisho moja moja, na pengine angeipita namba sitini na tatu kama hangekuwa ameona viatu vyake.

Namba sitini na tatu alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na minane, mimba ya kwanza, wiki ya ishirini na tisa, na kisukari alikuwa nacho tangu yupo shule. Kwa maelezo ya dumu, figo zake zilikuwa zinachapa kazi kama za mkimbiaji. Lakini asubuhi ile Daktari alipopita benchini alimwona Fundi amevaa viatu vyake vya kufunika huku visigino amevikanyaga, amevigeuza kandambili. Miguu ilikuwa haiingii.

Akaivuta fomu ya damu. Maabara walikuwa wameandika "kawaida". Na kweli ilikuwa kawaida, kwa mtu wa kawaida. Fomu zile zilichapwa kwa ajili ya watu wote, wabeba mizigo wakiwemo. Ila figo za mjamzito husafisha damu kuliko za mtu mwingine, kwa hiyo taka ya kwenye damu yake inapaswa ishuke chini ya hiyo kawaida. Ya Fundi haikuwa imeshuka hata kidogo. Daktari alikuwa amelifundisha jambo hilo darasani miaka nenda miaka rudi, na bado aliipitisha fomu ile kwa mkono wake, kwa sababu dumu lilikuwa limeshamtuliza.

Akaligeukia dumu. Misuli ya binadamu hutoa taka ya aina fulani kila siku, karibu kiasi kilekile, kulingana na mwili wa mtu. Fundi, kabla ya mimba, alikuwa na kilo hamsini na nne. Daktari alipiga hesabu nyuma ya bahasha, akairudia, akaipiga mara ya tatu kwa kikokotoo kana kwamba bahasha ndiyo iliyomdanganya. Taka iliyokuwamo dumuni haikuwa ya mwanamke mmoja. Ilikuwa ya wawili. Kompyuta yao walikuwa wameifundisha kulikataa dumu lililopungua. Kulikataa lililozidi, hakuna aliyewaza. Nani ataazima mkojo?

"Sista," alimwambia Sista Kalamu aliyeingia na rundo la fomu, "mtu anaweza kutuletea mkojo wa mwenzake?"

Sista Kalamu akacheka. "Wa nini, Dokta? Wa kwake tu anaona haya kuubeba." Kisha akaona anacheka peke yake, akaacha.

Hapa ndipo uchovu ulipomshauri Daktari. Uchovu ni mshauri mbaya, lakini ana sauti ya upole. Ulimwambia: mlaze Fundi leo, mtibu, andika kwamba ametoka kwenye utafiti kwa sababu za kiafya, na Ijumaa ipite kwa amani. Mmoja kati ya mia na kumi na wawili haharibu kitu. Balaa ni kumuuliza habari za dumu, maana ukishamuuliza mmoja itabidi uwaulize wote. Daktari alikaa na wazo hilo kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai iliyopoa. Ni aibu kusema, lakini alikaa nalo. Halafu akapiga moyo konde, akatoka kwenda kumwita Fundi.

Fundi aliingia na wifi yake, dada wa mumewe, muuza mitumba mwembamba mwenye mdomo mwepesi aliyemsindikiza kila kliniki. Daktari alimpima Fundi presha mara mbili, na mara zote mbili mshale ulipanda kusikostahili. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki palepale.

"Mwanangu," alisema, akavuta kiti wakawa goti kwa goti, "sikugombezi. Nitakuuliza kitu, na ukiniambia kweli utakuwa umenisaidia mimi na huyo mtoto. Dumu hili ni lako?"

Fundi akazitazama kucha zake. "Langu, Dokta."

"Lote?"

Wifi mtu akakohoa.

"Dokta, muache huyo. Niulize mimi."

"Haya, nakuuliza wewe."

"Mwezi wa kwanza alileta nusu. Alikuwa na kazi ya sare za shule, anashona mpaka anasahau kunywa maji. Basi akaambiwa mbele za watu, dada, leo umetuangusha. Karudi nyumbani analia. Nikamwambia, wifi, kwani mkojo una jina? Si tunaishi nyumba moja? Nikawa namjazia. Nilijua tunaisaidia hospitali."

"Mara ngapi umemjazia?"

"Zote, Dokta."

"Na wazo hilo ulilitoa wapi?"

Wifi akamkodolea macho ya mshangao wa kweli. "Si hapo nje? Benchi zima linajua. Wengine wanajaziwa na mama zao. Kuna mmoja kajaziwa na mumewe." Akataka kucheka, akaiona sura ya Daktari, cheko likamfia mdomoni. "Kwani tumekosea?"

Daktari alitafuta wa kumkasirikia. Alianza na Sista Kalamu, akampa kosa dogo la mdomo. Akamtazama wifi, akamkosa kabisa. Mwishowe alibaki na mtu mmoja tu chumbani wa kumkasirikia, na mtu huyo alikuwa amevaa koti jeupe na miwani. Aliona aibu, aibu ya moto iliyompanda mpaka masikioni.

"Figo za mwenzako zimechoka," alisema taratibu. "Zako nzima. Ulipomjazia, zako ndizo zilizozungumza. Mimi nikazisikia, nikafurahi, nikadhani ni zake." Wifi alijiziba mdomo kwa kiganja. "Msilie. Hamkukosea nyinyi. Nyota nilibandika mimi."

Fundi alilazwa saa ileile. Dumu jipya liliwekwa chini ya kitanda chake, na Sista Kalamu akalilinda kama askari wa zamu, hathubutu mtu kulisogelea. Kesho yake jibu likaja: figo zilikuwa zinafanya theluthi ya kazi yake, na protini ya damu ilikuwa ikivuja kama maji kwenye chujio. Walimpa dawa za presha, wakamchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wakavuta siku moja moja. Walizipata tisa. Siku ya kumi presha ilikataa amri yoyote, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Alizaliwa msichana wa kilo moja na robo, mwekundu, mwenye hasira, akapelekwa chumba cha watoto njiti akiwa analia kwa sauti kubwa kuliko umbo lake. Wauguzi walifurahi. Daktari pia alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na mkia, maana figo za mama hazikurudi. Wiki ya tatu baada ya kujifungua Fundi alianza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki.

Kilichomla Daktari ni zile fomu za nyuma. Dumu la wiki ya kumi na nne nalo lilikuwa la watu wawili, na la wiki ya ishirini pia. Kama lingekuwa la mmoja, angejua miezi mitatu na nusu mapema. Angempa dawa, angemwona kila wiki, na pengine figo zile zingedumu miaka kadhaa. Pengine. Neno hilo alilala nalo na kuamka nalo. Mtafiti amefunzwa kulitumia neno pengine bila kuona uchungu, na yeye siku zile alilisahau fundisho hilo lote.

Ijumaa ya wiki ile Fundi alipolazwa, wafadhili walipata ukurasa mmoja wa kukiri kosa badala ya ripoti. Kisha akaanza kuwaita washiriki, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Wengine walilia, wengine walicheka mpaka wakashika mbavu, mmoja alikiri kila kitu halafu akauliza taulo lake atalipata lini. Kati ya wanawake mia na kumi na wawili, arobaini na mmoja walikuwa wamejaziwa. Waliobaki walisema hawakujaziwa, na Daktari hakuwa na namna ya kujua nani kati yao anasema kweli. Bahati iliyokuwapo ni kwamba alipowapima upya wale wasiojifungua bado, aliwakuta wawili wengine ambao figo zao zilikuwa zimeanza kulegea, na hao aliwawahi.

"Ungewaondoa hao arobaini na mmoja, tukaendelea na waliobaki," mkurugenzi wa kituo alimwambia. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa amechoka.

"Na waliobaki nitawaaminije?"

"Miaka sita, Dokta."

"Naijua. Niliihesabu mwenyewe."

Siku hiyo alifika nyumbani, akaketi kwenye kiti cha jikoni na mkoba wake begani. Mumewe hakuleta ule mzaha wake wa mlangoni. Alizima jiko, akafuta mikono, akakaa mbele yake.

"Mwanafunzi akikosea mstari wa kwanza," alisema, "hata akipatia yote ya chini, unamrudisha mstari wa kwanza. Inauma, maana kaijaza karatasi nzima."

"Sijui kama nina nguvu ya karatasi nyingine," alisema Daktari. "Nimechoka, Mwalimu. Safari hii nimechoka kweli."

"Najua," alisema mumewe. Akamtoa mkoba begani.

Wiki saba baada ya Fundi kujifungua, wifi alikuja peke yake. Aligonga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama kizingitini amevaa nguo za kutokea.

"Dokta, nimesikia mtu anaweza kutoa figo moja akaishi."

"Anaweza."

"Kaka yangu mmempima, ana presha, mmemkataa. Mama yake wifi ana kisukari. Nimebaki mimi."

Daktari alivua miwani. "Keti. Wewe na yeye si damu moja."

"Hilo linakataza?"

"Halikatazi. Tunapima, zikipatana sawa, zisipopatana basi. Lakini nisikilize. Kama umekuja kwa ajili ya yale ya dumu, rudi nyumbani. Nilishakwambia kosa ni langu."

"Sijaja kugawana kosa, Dokta," alisema wifi. "Nimekuja kuuliza kama inawezekana."

Basi Daktari akatoa fomu na kuanza kuuliza. Umri? Ishirini na mitano. Ugonjwa wowote? Hakuna. Sigara? Hata moshi wake hautaki. Umeolewa?

"Mwakani, Mungu akijalia. Mahari imeshapokelewa, hana pa kukimbilia."

"Una mtoto?"

"Bado."

"Unataka?"

"Nataka watatu," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu. "Nitazaa haraka haraka, nimalize, nirudi kwenye mitumba yangu."

Daktari aliitua kalamu mezani. Alitamani swali hilo lisingekuwamo kwenye fomu, ingawa aliyeliweka ni yeye.

"Mwanamke aliyebaki na figo moja anaweza kushika mimba," alisema. "Wengi wanajifungua salama. Wachache, presha inapanda, na ile moja inalemewa."

"Mimi nitakuwa nani katika hao?"

Maneno ya kumtuliza yalikuwapo. Madaktari wana kapu zima la maneno hayo. Daktari aliliangalia kapu lake akaliona zito kulinyanyua.

"Sijui," alisema. "Nilidhani kufikia mwaka huu ningekuwa nimekaribia kujua."

"Itachukua muda gani ujue?"

"Nikianza upya leo, miaka sita. Labda saba."

"Na wifi ataweza kuishi na ile mashine miaka saba?"

Daktari alifikiria mishipa ya mkono wa Fundi, jinsi ilivyokwisha kuwa migumu kutobolewa kwa wiki chache tu. "Sidhani," alisema.

Wifi alikunja pindo la gauni lake, akalikunjua, akalilainisha juu ya goti kwa kiganja mpaka likanyooka.

"Basi andika nataka watatu," alisema. "Halafu niulize swali linalofuata."